Naomba ushauri: majibu ya maabara, oili ya Subaru STI

Waungwana, salaam aleikum. Nimepimisha oili iliyotumika ya WRX STI yangu, injini EJ257 yenye tabo. Imetembea kilomita 5,000, nyingi Malindi–Mombasa. Silikoni (elementi iliyomo kwenye mchanga na vumbi) imefika sehemu 38 kwa milioni, chuma na alumini zimepanda nayo. Shaba na risasi zimetulia, kwa hiyo beringi sizishuku. Potasiamu hakuna, basi maji ya rejeta hayajaingia.

Nahisi ni vumbi: kwetu ukiacha lami ni mchanga mtupu, na filta ya hewa niliyofunga ni ile ya wazi ya kuoshwa. Lakini majuzi fundi alifungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) akaipaka gundi ya silikoni (kwa ukarimu!), nayo huvujia kwenye oili. Ila gundi ingepandisha chuma kweli?

Nirudishe filta ya karatasi nipime tena, ama nifungue injini? Ushauri wa kuuza gari siutaki.