Binti yangu wa darasa la kumi anataka kuanza masomo ya chuo: mliopitia, nisaidieni

Mama Tumaini, Brooklyn Park, Minnesota
Habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 16, yuko darasa la kumi. Juzi kaja na fomu ya PSEO, ule mpango wa kusoma koleji ukiwa bado sekondari. Mwakani anataka masomo yake yote ayachukulie koleji ya North Hennepin, anasema ada na vitabu ni bure. Mimi nilisomea Moshi, huko unamaliza sekondari ndipo unafikiria chuo, na kitu cha bure hunitia wasiwasi. Baba yake anasema haraka ya nini, mtoto amalize kwanza. Shule inataka jibu kabla ya Mei 30. Mnasemaje?

Mama Wawili
Dada, bure ni bure kweli. Minnesota wana sheria hii tangu 1985, na jimbo ndilo linalolipa chuo. Vitabu mtoto anaazimwa, muhula ukiisha anarudisha, kwa hiyo asiviandike wala kuvimwagia chai. Krediti moja, yaani kile kipimo cha kuhesabia masomo ya chuo, kwenye koleji hizi ni kama dola 200, na kozi moja huwa krediti 3 au 4. Binti yangu mkubwa alimaliza sekondari na krediti 34 mkononi. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Pesa ile nisingeipata hata ningelala kazini.

Lakini nikwambie lililotuumiza. Muhula wa kwanza alibeba kozi nne, kemia ikiwemo. Sekondari alizoea mwalimu akimkumbusha kazi, akichelewa anapewa siku mbili. Chuoni wanampa silabasi siku ya kwanza, tarehe zote zimo, basi. Hakuna anayekukumbusha. Kemia akapata D. Nikapiga simu chuoni kuuliza kulikoni, wakaniambia hawawezi kuzungumza na mimi mpaka mwanafunzi mwenyewe asaini fomu. Mtoto wa miaka 16! Nilikaa na simu mkononi nimeduwaa.

Na ile D haifutiki. Alipotaka kuingia uuguzi, walihitaji angalau C kwenye kemia. Akairudia, safari hii kwa pesa yetu, na kwenye rekodi D ya kwanza bado inaonekana.

Mdogo wake tulimwanzisha na kozi mbili tu. Silabasi tukaibandika kwenye friji, kila tarehe ya mtihani nimeizungushia kalamu nyekundu, na kila Jumapili baada ya ibada tunasimama pale mimi na yeye tunaisoma. Huyu amepata A na B. Kwa hiyo mwache aende dada yangu, ila asianze na mzigo wote. Na hiyo fomu ya kuruhusu chuo kizungumze na mzazi, binti aisaini wiki ya kwanza.

Kijana wa Saint Paul
Shikamoo mama zangu. Mimi nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nikaingia hapa darasa la tisa, Kiingereza cha kuokoteza. Kuna njia nyingine: shule nyingi zinafundisha kozi za chuo hapo hapo sekondari, darasa lako, mwalimu unayemjua, na krediti unapata. Mimi nilianza na ya uandishi. Insha yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino, nikaiandika upya mara tatu. Nilipofika chuo kikuu, wenzangu walikuwa wanajifunza kutaja vyanzo, mimi nilishavuka hapo.

Jambo moja: kama anawaza chuo binafsi au cha jimbo jingine, aulize mapema kama watazipokea krediti zake. Vyuo vya umma vya hapa Minnesota vina makubaliano ya kupokeana masomo ya msingi. Vingine kila kimoja kina utaratibu wake.

Mama Wawili
Umesema kweli mwanangu. Nauli pia: familia yenye kipato cha chini sana inaweza kuomba kurudishiwa gharama ya usafiri.

Mama Tumaini
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimekaa naye mezani tukapunguza: atachukua uandishi na saikolojia, mengine abaki shuleni kwake. Amenuna kidogo, kisha akaniuliza friji yetu ina sumaku ngapi. Baba yake ameisoma fomu yote kimya, na sasa anatafuta saa za basi.