ATV ya mipigo miwili: ikipata moto mzunguko haushuki, nikibonyeza mafuta yote inakufa nguvu

Krenki_200

Habari wakuu. Nina ATV (pikipiki ya magurudumu manne) ya silinda moja, cc 200, injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa. Ikiwa baridi inawaka vizuri kwa choki. Ikishapata moto, nikiachia mafuta mzunguko wa injini unabaki juu kwa sekunde kadhaa, na mara nyingine unapanda wenyewe. Nikibonyeza nusu inakohoa, nikibonyeza yote inakufa nguvu. Nikivuta choki kidogo inapata nafuu. Plagi inatoka nyeupe kama chokaa.

Kabureta nimesafisha, plagi ni mpya na mwanya wake ni milimita 0.7. Petroli ni mpya, imechanganywa na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa 32 kwa 1 (pampu ya oili ilishaondolewa). Nimeshauriwa nitoe jeti kubwa (kipande chenye tundu la kupimia petroli kwenye kabureta) ya 230 niweke 250. Niendelee?

Fundi_Ridi

Mkuu, jeti iache kwanza. Nafuu ya choki na plagi nyeupe vinaonyesha hewa ni nyingi kuliko petroli. Mzunguko unaokataa kushuka unaongeza shaka kwamba kuna mahali injini inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta. Jeti kubwa hufanya kazi hasa ukibonyeza mafuta kuanzia robo tatu kwenda juu. Ukiiongeza utaficha tatizo ukiwa kasi, lakini chini na katikati injini itaendelea kukosa petroli, joto litapanda na pistoni itang'ata silinda. Usiiendeshe hadi ujue hewa inaingilia wapi.

Anza na mambo mawili mepesi. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, fungua koki. Petroli itoke mfululizo bila kukatika, mfuniko wa tangi ukiwa umefungwa. Ikipungua taratibu kisha ikarudi ukifungua mfuniko, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Halafu toa jeti ndogo uitazame kwenye mwanga: tundu lake lionekane duara safi. Kuiloweka tu mara nyingi hakutoshi.

Hapo vikiwa sawa, pima kwa shinikizo. Injini iwe imepoa. Toa kabureta na ekzosi. Ziba tundu la ekzosi kwa bamba na kipande cha mpira. Kwenye mpira wa kabureta weka kizibo chenye vali ya tairi, kaza klampu. Plagi ibaki mahali pake, na pistoni iwe chini kabisa ili chumba cha krenki na silinda viwasiliane. Pampu kwa mkono hadi psi 6 (psi ni kipimo cha shinikizo, kama cha tairi), usizidishe, maana shinikizo kubwa linaweza kung'oa sili (duara za mpira zinazozuia hewa kupita kandokando ya shafti ya krenki). Injini isiyovuja hupoteza si zaidi ya psi 1 kwa dakika. Ikishuka haraka, paka maji ya sabuni kwenye vizibo vyako kwanza (hapo ndipo wengi wanapodanganyika), kisha gasketi ya chini ya silinda, gasketi ya hedi, mpira wa kabureta, na sili ya krenki nyuma ya magneto (sehemu inayozalisha umeme wa cheche). Flaiwili (gurudumu zito la magneto) itoke ili uione sili yenyewe.

Plagi_Kavu

Naongezea upande wa klachi. Sili ya upande huo ikivuja, povu hulioni kwa nje. Hewa inaingia kwenye giaboksi. Chovya ncha ya mpira wa pumzi wa giaboksi kwenye maji: mapovu yakitoka, sili hiyo imekwisha. Ila yenyewe kwa kawaida huleta moshi mweupe mzito, plagi yenye unyevu na oili ya giaboksi kupungua, kwa hiyo kwako naitilia shaka kidogo.

Kabureta ikiwa nje, toa na ridi (vali za majani membamba zinazoingiza hewa na petroli kwenye injini) uzishike kwenye mwanga. Majani yakae bapa, yasiwe na ufa wala kona iliyokatika. Kipande kikiwa kimekatika, kitafute kabla ya kuwasha.

Na tafadhali usiongeze oili kwenye petroli ukidhani unailinda. Kwa 32 kwa 1, lita 5 zinataka mililita 156. Ukizidisha oili, petroli inayopita kwenye jeti ileile inapungua, na injini inazidi kukosa petroli.

Krenki_200

Petroli inatoka vizuri, ridi ni nzima. Shinikizo lilishuka kutoka psi 6 hadi 2 ndani ya dakika moja, povu liko kwenye sili ya magneto. Kompresheni ni psi 118.

Fundi_Ridi

Basi ni hiyo sili. Kompresheni ni nzuri, silinda usiifungue.

Kabla ya kununua sili, shika ncha ya krenki uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Sili mpya haitadumu na itabidi utenganishe nusu zote mbili za kasha la krenki. Isipocheza, weka alama kwenye sahani ya koili, itoe, kisha ingiza skrubu ndogo kwenye sili na uivute kwa koleo. Skrubu isiguse shafti, kwa sababu mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha sili mpya. Paka grisi kwenye mdomo wa sili, upande wenye springi uelekee ndani, isukume sawasawa kwa soketi yenye upana wake.

Pima shinikizo tena kabla ya kurudisha flaiwili. Ukiirudisha, angalia kii ya nusu mwezi (kipande cha chuma kinachoishikilia mahali pake kwenye shafti). Ikiwa imekatika hata kidogo, muda wa cheche unahama.

Jeti ibaki ya 230, skrubu ya hewa ya kabureta iwe mzunguko mmoja na nusu kutoka kufungwa. Ikipata moto, ibonyeze mafuta yote kwa muda mfupi mahali pa wazi, zima huku umeshika klachi, toa plagi. Ikiwa ya kahawia, iache hivyo. Ikiwa bado nyeupe, hapo ndipo panda jeti hatua moja moja.