Seva ya ofisi ijipige viraka yenyewe usiku, au imsubiri fundi?

Mleta Mada
Wakuu, naomba tubishane bila matusi. Ofisini tuna seva tatu za Linux, Debian mbili na Ubuntu moja, zote zinaendesha programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mimi nataka viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya programu, viingie vyenyewe usiku kwa unattended-upgrades, programu inayofanya kazi hiyo bila mtu. Bosi hataki. Anasema kila kitu kipite kwanza mikononi mwa fundi, kijaribiwe, ndipo kiingie. Fundi mwenyewe ni mimi peke yangu, na mwezi ujao nakwenda likizo.

Msimamo wangu nauweka mapema: kuchelewa kunaua kuliko haraka. Equifax, kampuni ya taarifa za mikopo ya Marekani, mwaka 2017 iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Wezi walipita kwenye tundu la Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti, na kiraka chake kilikuwa kimeshatoka tangu 7 Machi. Wao waliingia katikati ya Mei. Dawa ipo dukani miezi miwili, mgonjwa hajameza. Hapo utalaumu msimbo kuwa wazi?

Mlinzi wa Zamu
Mkuu, umechagua mfano unaokubeba. Na xz je, ile programu huria ya kubana mafaili, Machi 2024? Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia mradi ule kazi safi kwa zaidi ya miaka miwili, hadi mwenye mradi, mtu wa kujitolea aliyekwisha kuchoka, akamwamini na kumpa funguo. Jamaa akaficha mlango wa nyuma kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akilenga sshd, programu inayopokea wanaoingia kwenye seva kutoka mbali kwa njia ya SSH, yaani geti lilelile tunaloingilia sote. Aliyemfichua, Andres Freund, hakuwa hata anatafuta wezi. Aliona tu kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakereka, akachimba. Nusu sekunde, wakuu! Waliokimbilia toleo jipya ndio waliokuwa mdomoni mwa mamba. Wavivu walilala usingizi wao.

Mtu wa Hesabu
Mimi si fundi, ila madhara yenu hunifikia. Sehemu niliyokuwa zamani, hifadhidata ilijipandisha toleo usiku wa tarehe 27. Mishahara ikalala siku mbili. Unajua kumweleza dereva mwenye watoto wanne habari ya "kiraka"? Na 19 Julai 2024, faili moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5. Najua si programu huria. Lakini lilijiingiza lenyewe, kama unavyotaka wewe.

Mleta Mada
Pole sana ndugu yangu, hilo la mishahara silibishii. Ila tunachanganya vitu viwili. Toleo jipya si kiraka.

xz yenye sumu iliwafikia watu wa matawi ya majaribio: Debian testing na sid, Fedora Rawhide. Debian stable haikuguswa. Sababu ni kwamba kwenye tawi thabiti hawakuletei programu mpya kila inapotoka. Kwa kawaida wanachukua kiraka cha tundu peke yake na kukishonea kwenye toleo lilelile la zamani. Kwa hiyo mvivu wa Mlinzi na mtu wa haraka kama mimi tunaweza kukaa seva moja: matoleo tunachelewa, viraka tunawahi. Ile hifadhidata yenu nahisi mtu alikuwa ameongeza hazina ya programu kutoka nje kisha akaisahau. Hifadhidata unaifungia kwenye orodha ya visivyoguswa, unaisasisha kwa mkono mchana, watu wakiwa macho.

Mlinzi wa Zamu
Hapo nakubali nusu. Nusu nyingine ni keneli, kiini chenyewe cha Linux. Kiraka cha keneli kitashuka, kitakaa kwenye diski, lakini seva isipowashwa upya inayofanya kazi ni ileile yenye tundu. Nimewahi kukuta seva ina siku 400 haijazimwa na wenyewe wanaionyesha kwa wageni kama ng'ombe wa tuzo. Wewe ukiwa likizo, nani ataizima saa nane usiku? Na ikigoma kuwaka?

Mleta Mada
Itajizima na kujiwasha upya yenyewe, alfajiri ya Jumapili. Ikigoma, kuna nakala rudufu, na nimeshajaribu kuirudisha mara mbili. Nakala isiyojaribiwa siihesabu.

Mpita Njia
Nyote mnasomeana vitabu. Mmeangalia kumbukumbu za SSH? Andika `journalctl -u ssh` uone wezi wanavyobisha hodi kwa majina ya kubahatisha: root (akaunti kuu ya seva), admin, test, usiku kucha. Hao hawahitaji xz wala Struts, wanahitaji nywila mbovu moja. Weka PasswordAuthentication no, yaani nywila zisikubaliwe, kila mtu aingie kwa ufunguo (faili la siri kwenye kompyuta yake), root asiingie moja kwa moja. fail2ban, inayomfungia nje anayekosea mara nyingi, ni nyongeza. Mada kama hii huwa nauliza hilo kwanza: mmefunga nywila?

Mleta Mada
Tumefunga tangu mwaka jana. Isipokuwa akaunti moja ya mkandarasi wa nje. Bosi alisema iachwe, jamaa hapendi mambo ya funguo.

Mpita Njia
Nywila yake ina herufi ngapi?

Mleta Mada
Hilo naomba nisilijibu hadharani.