Je, kupitia idara mbalimbali za makumbusho ya umma kunamjenga mfanyakazi au kunamtawanya?

Swali

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mhudumu wa kumbi katika makumbusho ya umma: husimama karibu na vioneshwa, huwaelekeza wageni na kuhakikisha kwamba hakuna mkono unaogusa kisichopaswa kuguswa. Hivi karibuni uongozi umetangaza kwamba sisi wa kumbini tunaweza kuomba kupitia idara nyingine kwa zamu, yaani elimu, usajili wa mikusanyo na maabara ya uhifadhi, kabla ya kuamua mahali pa kubaki. Mwenzangu mmoja anasema nisiiache nafasi hiyo, kwa sababu makumbusho hayaeleweki kwa kutazamwa upande mmoja, ilhali mwingine ananionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Naomba waliofanya kazi hizo wanieleze mtu hujifunza nini hasa katika kila idara, na kama ipo ambayo haifai kuingiwa kwa kupita tu.

Jibu kutoka kwa msajili wa mikusanyo

Ndugu muulizaji, mimi ningeanza na usajili, nami nasema hivyo si kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, bali kwa sababu kazi za idara zote hukutana kwenye rejista. Kitu kinapopokelewa hupewa namba ambayo mara nyingi huwa na sehemu tatu: mwaka kilipoingia, namba ya kundi kililoingia nalo, na namba yake ndani ya kundi hilo, kwa mfano 1987.14.3. Namba hiyo haiandikwi moja kwa moja juu ya chungu au kinyago. Kwanza hupakwa tabaka jembamba la utomvu angavu unaoweza kuyeyushwa baadaye, likishakauka namba huandikwa kwa kalamu ya ncha nyembamba, kisha tabaka la pili hupakwa juu yake. Na mahali panapochaguliwa ni pale ambapo mgeni hatapaona kitu kikiwa kabatini, lakini si kwenye kitako kinachosuguana na rafu, maana namba ingefutika. Katika kazi hiyo ndogo utakuwa umelazimika kufikiri kama mtaalamu wa uhifadhi, kama mwandaaji wa maonesho na kama mtu wa stoo kwa wakati mmoja.

Huku utajifunza pia nidhamu ya kuandika kila kitu kinaposogezwa. Kitu kilichohamishwa kutoka rafu moja hadi nyingine bila kuandikwa ni sawa na kilichopotea, hata kama kimo ndani ya jengo lile lile. Vilevile, kitu ambacho hakikuandikiwa kilitoka kwa nani na kwa njia gani huwaacha wafanyakazi bila jibu siku jamii kilikotoka inapouliza kilifikaje hapo, na kwangu mimi hilo ni deni zito kuliko kabati lililovunjika.

Jibu kutoka maabara ya uhifadhi

Nakubaliana na mengi aliyoyaeleza msajili, ila sikubali kwamba idara zote zinaingilika kwa njia moja. Kusafisha uso wa mchoro wa kale, kuunganisha vigae vya chungu au kuimarisha nguo iliyoanza kuchanika ni kazi inayodai masomo ya kemia na miaka ya mazoezi chini ya mtu mzoefu, kwa sababu kilichokwisha kuondolewa hakirudishiki. Ukiambiwa kwamba katika zamu yako fupi utatibu vioneshwa, kataa kwa heshima.

Hata hivyo, uhifadhi wa kinga, yaani kuzuia kitu kisiharibike kabla ya kuhitaji matibabu, unaweza kujifunza, tena vizuri. Utajifunza kwa nini nguo na karatasi kwa kawaida huwekewa mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), ilhali michoro ya rangi za mafuta huvumilia takribani luksi 200, na kwamba madhara ya mwanga hujumlika: kuiweka nguo gizani baada ya maonesho marefu huzuia isififie zaidi, lakini hakuirudishii rangi yake. Utajifunza kukagua mitego ya gundi inayowekwa kando ya kuta na milango ili kujua wadudu gani wameingia. Utajifunza kuvaa glavu za naitrili, aina ya mpira wa viwandani, unaposhika chuma, kwa kuwa chumvi ya jasho hukila, na usiguse kwa mkono mtupu mnyama wa zamani aliyekaushwa, kwa sababu wengi wao walipakwa sumu ya aseniki ili wasiliwe na wadudu.

Ukirudi kumbini ukiwa na maarifa hayo, utakuwa msaada mkubwa kwetu. Asubuhi moja utaona unga mwembamba wa mbao chini ya kigoda ambao jana haukuwapo, nawe hutaufagia kama vumbi. Utatuita, kwa sababu utajua kwamba huenda kuna mdudu anayetoboa kutoka ndani.

Jibu kutoka idara ya elimu

Mwenzangu, usiidharau nafasi uliyonayo. Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipopitisha fasili mpya ya makumbusho mjini Prague mwezi Agosti 2022, lilitaja kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufasiri na kuonesha. Na katika kufasiri, mhudumu wa kumbi anajua mengi ambayo hayamo kwenye majalada yetu. Wewe ndiye unayeona mahali wageni wanaposimama, lebo wanayoipita bila kuisoma, na maandishi yaliyowekwa juu mno kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 2022 Makumbusho ya Sanaa ya Baltimore nchini Marekani yalifungua maonesho ambayo kazi zake zilichaguliwa na walinzi 17 wa makumbusho hayo hayo. Andika maswali unayoulizwa na wageni, kisha uje nayo kwetu. Ndiyo sifa bora utakayoingia nayo katika idara hii.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Jambo moja bado linanitatiza: mtu anayepita idara zote hatimaye anajua funguo, kamera na stoo zote. Je, hilo halimweki mahali pabaya?

Msajili wa mikusanyo

Umeuliza jambo la maana. Mchoro maarufu wa Mona Lisa ulipoibwa katika makumbusho ya Louvre mjini Paris tarehe 21 Agosti 1911, aliyeuchukua, Vincenzo Peruggia, alikuwa amewahi kufanya kazi humo humo, na mchoro haukupatikana hadi Desemba 1913. Ndiyo maana ruhusa inapaswa kufuata kazi unayoifanya sasa: unapoondoka usajili unarudisha funguo na jina lako linaondolewa kwenye orodha ya wanaoingia stoo, na usione kwamba unashukiwa, kwa kuwa utaratibu huo unakulinda wewe kwanza. Thamani ya bima na mahali vitu vilipo havizungumzwi nje ya kazi, na kanuni za maadili za baraza alilolitaja mwenzetu zinawakataza wafanyakazi wa makumbusho kufanya biashara ya urithi wa asili au wa utamaduni.

Kabla ya kukubali, omba uandikiwe utakuwa chini ya nani katika kila zamu, zamu itakwisha lini, na kama nafasi yako ya kumbini itabaki yako hadi hapo. Kisha anza na usajili.