Mrejesho: Kuanza kazi katika hifadhi za bahari

Nilipouliza kama cheti cha uzamiaji kingetosha kunipatia kazi katika hifadhi za bahari, wengi wenu mlinishauri nijifunze kwanza takwimu na ramani, na sasa, baada ya miezi minane ya kuwa msaidizi wa utafiti, nathibitisha kwamba mlisema kweli. Tunapozama hutandaza utepe wa mita 50 juu ya matumbawe, nami huandika kwa penseli, kwenye kibao cha plastiki, kila samaki ninayemwona ndani ya upana uliopangwa. Lakini saa moja ya majini huzaa siku nzima ya kuhakiki takwimu mezani. Kilichonigusa zaidi, na ambacho sikukiuliza, ni mikutano na wavuvi, kwani mpaka wa eneo lililofungwa lisivuliwe huheshimiwa zaidi pale wanaoitegemea bahari hiyo waliposhiriki kuuchora. Lengo lililokubaliwa na mataifa huko Montreal, Kanada, mwaka 2022, la kuhifadhi asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030, linahitaji wasuluhishi na wachora ramani, si wazamiaji peke yao. Nimeshajiandikisha kozi ya ramani za kidijitali. Nawashukuru kwa dhati.