Darasa la sita na la saba: asilimia na sehemu mnazifundishaje watoto wasisinzie?

Mwl_Mwambao aliuliza:

Mwangaluka walimu wenzangu. Nafundisha Hisabati darasa la sita na la saba, shule ya mwambaoni upande wa Ilemela. Jina la shule naliacha, bosi wangu naye yumo humu.

Watoto wangu wengi wazazi wao ni watu wa mwaloni: wachuuzi wa dagaa, waanikaji, wenye mitumbwi, mama ntilie. Jumamosi ukipita pale unamkuta mtoto wa darasa la sita anampigia mteja hesabu ya sado (kopo la kupimia la lita 4) tatu na nusu, anarudisha chenji, hakosei hata mia. Jumatatu huyohuyo nikimwandikia ubaoni "tafuta asilimia 12 ya 450" anatazama dirishani.

Nyimbo nimejaribu. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wanaiimba mpaka darasa la jirani linaitikia, halafu wape swali lenye mabano, wanaanza tu kushoto kwenda kulia. Sehemu nimefundisha kwa kukata chapati na machungwa. Wamekula, wamesahau.

Mkondo mmoja una watoto themanini na kitu, kipindi dakika 40, umeme uko ofisini tu, projekta hatuna. Naomba mnipe kitu mnachofanya kweli darasani, sio kile tunachoandika kwenye andalio la somo ili mdhibiti ubora afurahi.

Bibi_Chaki alijibu:

Mwangaluka mwanangu. Leo nimemaliza kusahihisha mapema, kwa hiyo vumilia, nitaandika kirefu.

Chapati na machungwa achana nayo. Zana si mbaya, ila haina ugomvi. Chapati imekatwa vipande vinne sawasawa, nani ana shida hapo? Mtoto wa mwaloni anapiga hesabu Jumamosi kwa sababu akikosea kuna mtu anapunjwa, na mara nyingi huyo mtu ni mama yake. Wewe Jumatatu unamletea 450 isiyo na mwenyewe. Mimi nikifundisha asilimia, sehemu au uwiano, ndani ya hesabu lazima awemo mtu anayepunjwa, na kazi ya darasa ni kusema kapunjwa kiasi gani.

Somo ninaloanzia kila mwaka ni la sado mbovu. Tafuta makopo mawili ya rangi ya lita 4, yanayofanana. Moja liache lilivyo. La pili limwagie saruji kitakoni, kiasi cha kula nusu lita, iache ikauke. Wewe kaa mezani uwe muuzaji, kila mnunuzi akija mpimie mahindi au mchanga mkavu kwa kopo lile bovu. Usiseme neno. Kuna mjanja mmoja tu, na huwa hakosekani, ataanza kuchungulia ndani ya kopo. Mwachie achungulie. Kelele zikianza, toa ndoo ya maji na chupa za nusu lita, wapime wenyewe. Sado nzima inameza chupa 8, mbovu inameza 7. Mpaka hapo ubaoni hujaandika kitu.

Sasa uliza: mnunuzi kapunjwa asilimia ngapi? Kabla ya kalamu kila mmoja akisie, na makisio uyaandike pembeni ya ubao yabaki yanaonekana. Halafu wapige hesabu. Darasa langu huwa linagawanyika. Kuna wanaosema mnunuzi kalipia chupa 8 kakosa 1, hiyo ni 1/8, yaani asilimia 12.5. Wengine, na hao wengi wao ni watoto wa wachuuzi, wanasema hapana, muuzaji katoa chupa 7 tu kalipwa za 8, kwa hiyo kwenye kila chupa 7 kajiongezea 1, hiyo ni 1/7, yaani kama asilimia 14.3.

Hapo ndipo utakapotamani kuamua. Usiamue! Waache wabishane, waje ubaoni wachore chupa. Pande zote mbili ziko sahihi: moja inagawa kwa kile alicholipia mnunuzi, nyingine inagawa kwa kile kilichotoka kwa muuzaji. Lile swali la "asilimia ya nini?" ambalo sisi tunalipigia kelele mwaka mzima, wanaulizana wao kwa wao, tena kwa hasira. Ukitoka hapo faida na hasara ni mteremko. Ukiwaambia asilimia ya faida tunaipiga kwenye bei ya kununulia, wanaelewa kwa nini lazima watu wakubaliane kwanza.

Kipindi kinachofuata weka bei. Sado shilingi 8,000 (bei ya darasani, msinishambulie). Kwa sado nzima lita moja ni 2,000. Kwa mbovu ni 8,000 kugawa kwa 3.5, karibu 2,286. Debe ni sado 5, kwa hiyo anayejaziwa debe kwa kopo lile anaondoka na lita 17.5 akidhani ana 20. Umefundisha desimali, kugawa na vipimo vya ujazo, na hakuna aliyesinzia.

Wakishaiva, walete kwenye lumbesa. Huko mambo yanageuka, anayepunjwa ni mkulima: gunia linalipwa kama gunia moja, kumbe juu limeshonewa kichwa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Waulize, likiwa na kilo 125 mkulima katoa bure asilimia ngapi ya mzigo wake, na dalali kaongezewa asilimia ngapi juu ya zile 100? Moja inatoka 20, nyingine 25. Ugomvi unaanza upya, ila safari hii wanajua wanagombania nini.

Mwl_Nansio alijibu:

Bibi Chaki, hiyo ya sado naiiba leo leo.

Mimi niko Ukerewe na kilichokuwa kinaniumiza kichwa ni namba hasi. Tulimwomba mvuvi mmoja atuchomekee mti mrefu majini pembeni ya gati, tukauchora alama kila sentimita. Usawa wa maji siku ile tukauita 0. Kila Ijumaa viranja wawili wanasoma alama wakiwa juu ya gati, wanakuja kujaza kwenye bango la manila ukutani. Kiangazi maji yanashuka, tunaandika −2, −6. Masika yanapanda. Zamani nikiuliza "kutoka −6 hadi 9 ni ngapi?" nusu ya darasa ilijibu 3. Sasa wanahesabu alama za mti wenyewe, wanasema maji yamepanda sentimita 15. Bango likijaa tunalichorea grafu, nayo ni mada nyingine imeshaisha. Wazazi nao wanachungulia kujua maji yanaendaje, maana mwaka 2020 ziwa lilivyopanda hakuna aliyesahau huku.

Angalizo: mtoto asiingie majini kwa sababu ya somo lako. Kichocho kipo.

Mazoezi_Kwanza alijibu:

Samahanini, mimi nitakuwa tofauti. Mtihani wa taifa hauna sado wala mti wa majini. Una maswali, na muda ni mfupi. Nina watoto zaidi ya mia, nikianza kumwaga maji darasani kipindi kimekwisha na sijamaliza hata mfano mmoja. Hesabu ni mazoezi. Tulifundishwa hivyo na tulifaulu.

Bibi_Chaki alijibu:

Mwalimu, tulifaulu sisi tuliobaki. Wale tuliokaa nao dawati moja hawamo humu kutuambia walivyofundishwa.

Ila kwa mazoezi niko na wewe. Baada ya sado natoa maswali mengi, na ni yaleyale ya kitabuni. Tofauti ni kwamba "asilimia 12 ya 450" sasa mtoto anaisoma anauliza "ya nani hii?", halafu anaipiga: 54. Kuhusu wingi, makopo yanayohitajika ni mawili tu, hata watoto wawe mia mbili. Wanaopima wawe sita mbele, waliobaki wananyoosha mikono kwenye makisio na kuandika. Vurugu itakuwepo, lakini ni vurugu ya hesabu. Mlango funga.

Kijana_wa_Buhongwa alijibu:

Naongezea vya bure, maana mleta mada aliuliza na zana.

Maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ina vitabu vya kiada, unasoma bila kulipa. Mimi nasomea ofisini kwenye mtandao wa kuazima, nanakili maswali kwa mkono.

GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo ya hesabu, inawekwa kwenye simu na inafanya kazi bila bando. Kwa darasa kubwa simu moja haifai, msidanganyane. Mimi naitumia kuandaa: nachora pembetatu na maduara kule, naona vipimo, ndipo nahamishia kwenye manila.

Vizibo vya soda, okota kwenye baa yoyote. Kilicholala chali ni chanya, kilichofudikia ni hasi, chanya na hasi wakikutana wanatoka wote. Mtoto anayecheza drafti kijiweni hahitaji maelezo mengi.

Na kasi nafundishia Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linavuka kwa muda gani? Wanapata dakika 3.6, sawa. Halafu nawaambia waandike kwa dakika na sekunde. Wengi wataandika dakika 3 na sekunde 6. Hapo usipite haraka, kaa nao: 0.6 ya dakika ni sekunde 36. Waliokuwa wanasubiri kivuko na wazazi wao wana hadithi nyingi, wape nafasi kidogo tu la sivyo kipindi kinaishia Busisi.

Mwl_Mwambao alijibu:

Wabeja sana wote. Makopo nimeshapata kwa fundi rangi, saruji inakauka nyuma ya ofisi.

Nina wasiwasi mmoja, Bibi Chaki. Nusu ya darasa langu ni watoto wa wenye sado. Mtoto akienda nyumbani akasema "mwalimu katufundisha jinsi wauzaji wanavyoiba", si nitaitwa kwenye kikao cha wazazi?

Bibi_Chaki alijibu:

Utaitwa, ndiyo. Ndiyo maana nimekwambia muuzaji uwe wewe. Mwizi darasani ni mwalimu, sio mama wa mtu, na usitaje dagaa wala soko lolote. Watoto watasimulia nyumbani kwamba wamemkamata mwalimu, wazazi watacheka. Mimi mwaka juzi mama mmoja wa sokoni alikuja na sado yake mwenyewe tuipime mbele ya watoto, ilikuwa nzima, akaondoka ametamba.

Na lile kopo la saruji liandike kwa rangi kubwa HISABATI pande zote, ulifungie kabatini. Likipotea likaibukia mwaloni, hapo sitakuwepo kukutetea.