Elfu kumi yangu imeliwa na mtu asiyejua barafuto ni nini!

Wakuu, nina hasira na leo sifichi. Jana usiku baa moja huku kwetu walifanya chemsha bongo, kila meza inaweka elfu kumi. Swali la mwisho: barafuto kubwa kuliko zote duniani ni ipi? Nikasimama kifua mbele: Lambert, Antaktika. MC akacheka kwenye spika. Eti jibu ni Greenland! Meza ya pembeni ikazoa hela yote.

Greenland ni kisiwa jamani! Hata hiyo barafu yake, kilomita za mraba kama milioni 1.7, ni blanketi lililofunika nchi. Barafuto ni mto wa barafu, unateremka taratibu kwa uzito wake wenyewe. Na kama MC alitaka blanketi, la Antaktika ni takriban milioni 14. Yaani kakosea kotekote!

Lambert ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, piga picha Dar mpaka Dodoma yote ni barafu, na kuna mahali upana unakaribia 100. Fedchenko ya Tajikistan ni 77. Siachen, kule India na Pakistan walikopelekeana wanajeshi tangu 1984 (kugombea baridi, sijui!), ni 76. Aletsch ya Uswisi, ile ya kwenye kalenda, ni ishirini na ushei. Ziunge zote tatu, hazifiki nusu ya Lambert.

Nikiwa nabisha, kijana mmoja akachomoa simu: "Mzee, mbona hapa wanataja Thwaites, nayo ya Antaktika, kilomita za mraba 192,000?" Huyo angalau kajitahidi. Lakini hesabu hiyo imebeba eneo lote linaloleta barafu yake. Ni sawa na kuulizwa ukubwa wa Mto Rufiji ukajibu bonde zima mpaka Mbarali huko. Kwa upana, sawa: Thwaites ina kama kilomita 120, hapo sina ubishi.

MC kanijibu nini? "Jibu la mwandaaji ndilo jibu." Nikaomba nione karatasi yake ya majibu, akaikunja akaitia mfukoni.

Na nyie mliokuwepo mkanyamaza, nawajua. Mmoja wenu anafundisha jiografia, na jana alikuwa meza ya pembeni.